Alama za Baba

Muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, mwalimu alitupa zoezi: chagua kazi moja ya serikali, uipime thamani yake. Fomu ilikuwa na alama 100. Elimu 40, uwajibikaji 30, uzoefu 20, mazingira ya kazi 10. Wenzangu walichagua hakimu, daktari, afisa ugavi. Mimi nilichagua fundi mchundo wa pampu za maji, kazi ninayoijua tangu sijajua kusoma. Ndiyo kazi ya baba.

Nilijaza kwa uaminifu. Darasa la saba na jaribio la ufundi daraja la kwanza: 12. Hana anayemsimamia, hasaini hundi: uwajibikaji 8. Uzoefu alipata zote 20, mazingira 9. Jumla 49.

Mimi nikapata A.

Nikisema natoka Loliondo, watu hunitajia kikombe cha Samunge, mwaka 2011. Kwangu Loliondo ni harufu ya dizeli kwenye makoti yaliyotundikwa nyuma ya mlango. Baba alihamia huku mwaka 1998 akitokea Karatu, nami nikazaliwa Wasso miaka miwili baadaye. Vijijini hawamwiti kwa jina. Ni "Fundi" tu, na pikipiki yake ikisikika, watoto hutangulia mbio kisimani.

Nyumbani kwetu kuna tarehe tunayoijua kama siku ya kuzaliwa ya mtu: 20 Mei 2004. Kuanzia siku hiyo, anayeingia utumishi wa umma alitakiwa awe amemaliza kidato cha nne. Uhakiki wa vyeti ulipopita nchi nzima, wapo watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote lakini walijikuta nje ya kazi. Mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe. Baba hakuguswa. Hata hivyo, kwa mwaka mzima barua yake ya ajira ililala kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na kila gari la ofisi lilipopita, mama aliacha alichokuwa akifanya.

Halafu ikaja Mei 2022. Ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda kwa asilimia 23.3. Baba alichukua mshahara wake wote, akauzidisha kwa 23.3 nyuma ya daftari langu la zamani. Ndani ya hesabu ile kulikuwa na bati za choo kipya na nauli yangu ya chuo. Julai, nyongeza haikufika hata nusu ya alichoandika. Asilimia ile ilikuwa ya walio chini kabisa, na kadiri ngazi inavyopanda ndivyo inavyopungua. Hakulalamika. Alichana ule ukurasa, akawashia jiko.

Kwa hiyo Mei Mosi ya 2025, ilipotangazwa kule Singida kwamba kima cha chini kinatoka shilingi 370,000 hadi 500,000, yaani asilimia 35.1, alinipigia simu kabla sijasoma habari.

"Mama, hii ya safari hii ni ya nani?"

Septemba hiyo nilirudi nyumbani. Kisima kimoja upande wa Soitsambu kilikuwa kimekufa, baba akakubali niende naye. Tulikuwa na fundi sanifu kijana, mwenye diploma, mpole, anayemwamkia baba shikamoo kila asubuhi. Yeye ameanzia ngazi ya TGS C. Baba ndiye aliyemfundisha kuvuta pampu. Leo mishahara yao inakaribiana, ila akipandishwa cheo mara moja tu, kijana atampita baba na hatamwona tena.

Walisimika stendi ya miguu mitatu, wakafunga mnyororo, wakaanza kuvuta bomba moja baada ya jingine. Ng'ombe walikuwa wamesimama vichwa chini. Akina mama walikaa kando na madumu yao, hawasemi kitu. Bomba la kumi na tisa likiwa juu, baba akapaza sauti: "Simama!" Mimi sikuona kitu. Kijana naye hakuona. Baba alikuwa ameshika bomba kwa kiganja, akasikia kibano kinateleza. Wakakifunga upya. Kingeachia, mabomba yote na pampu vingedondokea chini, na kisima kile kingekuwa shimo tu.

Uwajibikaji, nilikumbuka. Nane kati ya thelathini.

Njiani kurudi niliwawaza ilkunono, wahunzi wa Kimaasai. Mkuki na sime vilitoka mikononi mwao, lakini kwa desturi jamii iliwadharau na kukwepa kuoana nao. Zamani nilidhani hayo ni mambo ya kale ya watu wengine. Ibara ya 23 ya Katiba yetu inasema mtu alipwe kulingana na kiasi na sifa za kazi anayoifanya. Lakini lazima awepo mtu wa kuzipima hizo sifa, akiwa amekaa mezani na fomu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenilazimisha kuandika nane.

Usiku nilimwambia. Aliniuliza alama kwanza.

"Arobaini na tisa, baba."

Akacheka hadi akakohoa. "Nimefeli. Hakimu je?"

"Themanini na moja."

Alikaa kimya, akichokonoa grisi chini ya kucha. "Anastahili," akasema. "Kazi yake ni ngumu. Lakini wewe uliniona nikifanya ya kwangu tangu mtoto."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nimebadilisha mada ya tasnifu, kwamba nataka kuandika jinsi kazi za mafundi zinavyopimwa, ngazi zao zirekebishwe. Akaniuliza itachukua muda gani. Nikasema utafiti mwaka mmoja, halafu mapendekezo, halafu waamuzi waamue.

Alihesabu kwa vidole. Atafikisha miaka sitini mwaka 2027, na pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara, si kutokana na visima.

"Basi andika haraka," akasema, akaenda kulala.