Kipakatalishi cha gemu: je, skrini ya 3D ina faida?

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata kwa sababu kuna jambo limenikalia kichwani mwezi mzima: kununua kipakatalishi cha kuchezea gemu. Pesa zilikuwa shilingi 170,000. Zangu 120,000, na zile 50,000 za mdogo wangu, ambaye ana miaka 19 na alizikusanya kwa kuhariri video za harusi hapa Mombasa. Mashine ingekuwa ya wawili. Mchana yake, kwani anajifunza kuchora maumbo kwa Blender na anataka kutengeneza gemu zake mwenyewe. Usiku yangu, ya kuandikia programu za wateja. Jumamosi ni ya mpira, mimi na yeye. Kwa hivyo hizi hazikuwa pesa za kufanyia majaribio.

Nianze na lile ambalo wauzaji hawalisemi. Ukiingia dukani, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi au huku kwetu, utaonyeshwa kibandiko. "RTX 4060, boss, hii ni moto!" Sawa, lakini kwa vipimo vya Nvidia wenyewe, kadi hiyo ya michoro ikiwa ndani ya kipakatalishi huweza kupewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115, kutegemea mtengenezaji ameamua nini. Jina ni moja, kasi ni mbalimbali. Kile kipakatalishi chembamba kinachopendeza kwenye picha kinaweza kuachwa mbali na ndugu yake mnene mwenye kibandiko kile kile. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, fungua paneli ya Nvidia, nenda kwenye taarifa za mfumo, utauona mstari wa nguvu ya juu kabisa ya kadi. Muuzaji akikataa kuiwasha, aga kwa adabu uende zako.

Na msidanganyike kwamba namba ya kipakatalishi ni sawa na namba ya tarakilishi ya mezani. RTX 4090 ya kipakatalishi, iliyotoka 2023, hutumia chipu ya AD103, ile ile iliyomo ndani ya RTX 4080 ya mezani, na ina kumbukumbu ya gigabaiti 16 badala ya 24. Mimi naliona hilo kuwa jina la kuuzia tu.

Mengine nitayapita haraka. RAM iwe gigabaiti 16, na iwe vipande viwili badala ya kimoja. Angalia feni zinatolea wapi hewa ya moto, hasa kama unaishi Pwani ambako hata binadamu anatafuta feni. Betri usiitegemee kwa gemu: ndege za abiria kwa kawaida huruhusu betri zisizozidi wati-saa 100, na ndiyo maana watengenezaji hawavuki hapo. Chukua betri ya wati-saa 80 na mashine inayokula wati 160, piga hesabu, ni nusu saa. Isitoshe, ukichomoa chaja mashine yenyewe huipunguzia kadi umeme. Stima ikipotea, mechi imekwisha.

Sasa tuje kwenye 3D, maana ndiyo iliyotusumbua. Duka moja lilikuwa na kipakatalishi kilichotumika, kimeletwa kutoka Dubai, chenye skrini ya 3D isiyohitaji miwani. Bei 165,000. Mdogo wangu alipokisikia tu, hakulala.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko umeme wa majumbani. Macho yetu yametengana kwa takriban milimita 63, kwa hivyo kila jicho huona picha iliyo tofauti kidogo, na ubongo huzilinganisha ukapata kina. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 na akaunda kifaa cha vioo kilichopelekea kila jicho mchoro wake. Kila skrini ya 3D iliyokuja baadaye inafanya kazi hiyo hiyo: kulitenga jicho la kulia na la kushoto.

Kwenye gemu, wimbi kubwa lilikuja 2009, Nvidia walipotoa 3D Vision. Ilitaka skrini ya hezi 120 na miwani inayofunga jicho moja na kufungua jingine kwa zamu, kila jicho likipata picha 60 kwa sekunde. Mwisho wa mwaka huo filamu ya Avatar ikatoka na kila mtu akataka 3D sebuleni. Asus wakatoa kipakatalishi cha G51J chenye teknolojia hiyo. Halafu nini? Nintendo walitoa 3DS mwaka 2011, na kufikia 2013 wao wenyewe wakauza 2DS isiyo na 3D kabisa, ikicheza gemu zile zile. LG na Sony wakaacha kutengeneza runinga za 3D mwaka 2017. Mwaka 2019 Nvidia wakaiondoa 3D Vision kwenye draiva zao mpya. Aliyekuwa amenunua skrini, miwani na kila kitu alibaki na hiari ya kukaa na draiva ya zamani au kuiacha 3D. Kwangu mimi mwandishi wa programu, hilo linauma kuliko bei. Kifaa chako kizima, hakijavunjika popote, lakini uhai wake uko ndani ya faili la mtu mwingine.

Hizi za sasa zisizo na miwani ni wimbi la pili. Acer walitangaza Predator Helios 300 ya SpatialLabs mwaka 2022, na Samsung wakaleta skrini ya mezani ya Odyssey 3D mwaka 2025. Ndani kuna tabaka la lenzi nyembamba mbele ya pikseli, na kamera zinazofuata macho yako ili kila jicho litumiwe picha yake. Nakiri ni kazi safi ya uhandisi. Lakini pikseli hazizaliwi: skrini ya 3840 kwa 2160 ikigawanywa, kila jicho linabaki na 1920 kwa 2160. Kadi nayo inachora kila tukio mara mbili, kwa hivyo gemu iliyokuwa ikienda picha 80 kwa sekunde inaweza kushuka karibu na nusu. Na kila gemu inahitaji matayarisho yake, la sivyo vivuli na maandishi yanaelea mahali pasipo pake. Tena kamera zinamfuata mtu mmoja. Aliyeketi kando yako anaona ukungu. Hesabuni Jumamosi zetu hapo.

Kuna pia macho. Mwaka 2008 kikundi cha watafiti, akiwemo Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilionyesha kwamba uchovu wa 3D una sababu ya kimaumbile. Lenzi ya jicho inalenga pale skrini ilipo, tuseme sentimita 60, huku macho mawili yakigeuka kukutana mahali pengine, mbele au nyuma ya skrini. Maishani mambo hayo mawili huenda pamoja. Kwenye 3D yanavutana.

Tulikwenda dukani kuijaribu. Muuzaji akaweka gemu ya ndege za vita, nami nikakaa. Sitawaficha, ni nzuri. Vyuma vya chumba cha rubani vilikuwa karibu na pua yangu na milima ilikuwa mbali kweli kweli. Vijana wawili waliokuwa dukani wakapiga mluzi zamu yao ilipofika. Mdogo wangu akakaa, akatazama, akasema, "Ni kali." Muuzaji akaanza kutoa risiti. Nikamwambia tutarudi.

Kwenye matatu ndipo aliponiambia, akiangalia dirishani. "Kaka, sikuona kitu. Ni skrini tu."

Alizaliwa na makengeza. Macho yake yalinyooshwa kwa upasuaji alipokuwa mkubwa kidogo, na ukimtazama leo huwezi kujua, lakini ubongo wake ulishazoea kulipuuza jicho la kushoto. Kina cha macho mawili hana. Anapima umbali kwa njia nyingine ambazo sote tunazo: kipi kimefunika kipi, kivuli kimeangukia wapi, kitu kinakuaje kikisogea. Anachora kwa njia hizo na ananifunga mabao kwa njia hizo. Nilimuuliza kwa nini basi alisema ni kali. Akasema watu walikuwa wanangoja.

Alikuwa tayari kutoa shilingi 50,000 zake kwa skrini ambayo ni mimi tu ningeiona. "Wewe uliipenda," akasema. Sikuwa na jibu, nikamlipia nauli.

Kwa hiyo, je, zina faida? Kwa anayecheza peke yake, hasa gemu za ndege na magari ambamo unakaa ndani ya kitu, na ambaye ameshapata kadi ya kutosha na pesa zimebaki, naona zina raha yake. Kwa kazi zipo pia: roboti ya upasuaji ya da Vinci humpa daktari picha ya macho mawili, na hapo kina si pambo. Ila kama bajeti yako ni ya kugawa kama yetu, 3D inakula nguvu ile ile ambayo hukuweza kuinunua ya kutosha. Na kabla ya kulipa, kila atakayeitumia mashine aijaribu, na aulizwe baadaye, nje ya duka.

Tulinunua kingine. RTX 4060 ya wati 115 (niliiwasha nikaona mwenyewe), RAM gigabaiti 16, skrini ya kawaida ya hezi 144, kizito kama tofali. Shilingi 158,000. Kwa zile 12,000 zilizobaki mdogo wangu amenunua kipanya kizuri, maana Blender bila kitufe cha katikati ni mateso, na chenji hajanirudishia. Anatengeneza gemu ya daladala ya baharini, ile ya kuvuka Likoni, na vivuli vya watu kwenye sitaha amevipanga mmoja mmoja. Ikifika mahali pa kuchezeka nitaiweka hapa muipakue.