Kumbukumbu Zetu Zinakaa kwa Nani?

Wako wanafunzi na marafiki wanaoniuliza kwa nini mhadhiri wa sayansi ya siasa anatumia saa zake za usiku kupakua video, ilhali video hizo zimo mtandaoni na hupatikana kwa kubofya tu. Swali hilo ni halali. Wengi huniuliza kwa tabasamu, kana kwamba wamemkuta mtu mzima akikusanya vifuniko vya soda. Leo naomba nilijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna suala la umaskini, suala la kumbukumbu, na suala la nani mwenye mamlaka juu ya yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Nianze na chombo chenyewe. Chini ya televisheni yetu ipo kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafu kazi za ofisini. Nimeiongezea diski ya terabaiti 4 na kuiwekea Jellyfin, programu huria iliyozaliwa mwishoni mwa mwaka 2018 baada ya wenye programu ya Emby kuufunga msimbo wao. Kazi yake ni kuzipanga video kwa majina, picha na maelezo, kisha kuzipeleka kwenye televisheni, simu au kompyuta yoyote iliyounganishwa na rauta ya nyumbani. Safari hiyo haipiti kwenye intaneti hata hatua moja, rauta inatosha. Saa moja ya mhadhara kwa ubora wa wastani huchukua kama megabaiti 400, hivyo terabaiti 1 peke yake hubeba zaidi ya saa 2,000. Mtu akitazama saa moja kila siku, hiyo ni akiba ya zaidi ya miaka 5.

Hoja yangu ya kwanza ni ya gharama. Chukua darasa la wanafunzi 40 walioagizwa kutazama mhadhara mmoja wa saa moja. Kila mmoja akiutazama kwa bando lake, darasa zima limenunua gigabaiti 16 kwa ajili ya somo moja. Mhadhara huohuo ukipakuliwa mara moja na kugawiwa kwa flashi au waifai ya ndani, gharama inabaki ileile ya megabaiti 400. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kunieleza, bila kulalamika, kwamba wiki za kazi za video huwa anaruka mlo wa jioni. Tangu siku hiyo siagizi video yoyote ambayo sijaiandalia nakala ya kugawa. Tunapozungumzia elimu ya kidijitali kwenye makongamano, tukumbuke kwamba kuna kijana anayeilipia kwa ugali wake.

Hoja ya pili ni kwamba intaneti hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikatumbukia katika kasi ya kinyonga. Hilo lilikuwa la hitilafu. Yapo na ya kukusudia: Uganda ilizima intaneti siku ya kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, na hapa kwetu huduma ilikatika nchi nzima kuanzia siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba 2025, ikakaa siku kadhaa. Katika siku hizo za ukimya, nyumbani kwangu tuliitazama hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995 mjini Mbeya. Binti yangu wa miaka 12 aliuliza kwa nini watu wanacheka wakati mzee yule anasema mambo mazito kiasi kile. Tulilizungumza swali hilo hadi usiku. Siamini kama tungelizungumza siku ya kawaida, kila mmoja akiwa ameinamia simu yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Video za mtandaoni hufa. Chaneli hufungwa, akaunti husimamishwa, mwenye video hubadili mawazo, au kampuni iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa hubadili kanuni zake. Mwanafunzi wangu wa shahada ya umahiri aliandika tasnifu kuhusu hotuba za kampeni, na ushahidi wake mkuu ulikuwa viungo 31 vya video. Siku ya utetezi, viungo 9 havikufunguka. Mtahini aliuliza swali moja tu: ushahidi uko wapi? Nilikuwa na nakala za video 4 kati ya hizo. Zile 5 zilizobaki hazikupatikana kwa yeyote, na sura nzima ya tasnifu ikaondolewa. Binti yule hakuwa amedanganya neno. Aliyoyaandika aliyasikia, lakini hakuwa na namna ya kuyathibitisha, na katika taaluma, kama ilivyo mahakamani, hayo mawili hayalingani uzito.

Historia inatufundisha kwamba taasisi kubwa nazo husahau. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa upya. Kinyume chake, mjini Philadelphia mwanamke mmoja, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi na mwanaharakati, alirekodi taarifa za habari za televisheni nyumbani kwake usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki dunia Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, ambazo baadaye zilikabidhiwa kwa Internet Archive. Majirani huenda walimwona mtu wa ajabu. Leo anayetaka kujua televisheni za Marekani zilivyolisimulia taifa hilo ana pa kuanzia.

Najua pingamizi lililo mdomoni mwa msomaji: hakimiliki. Ni pingamizi zito. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video nje ya njia iliyowekwa na mtandao huo wenyewe au bila idhini, na wasanii wetu wamekwisha kuibiwa vya kutosha. Kwa hiyo nimejiwekea mipaka. Muziki na filamu za wasanii sizipakui. Nazinunua au naziacha. Ninachohifadhi ni mihadhara, mijadala ya umma, hotuba za viongozi, na kazi zilizotolewa kwa leseni huria. Ninapompata mwenye kazi, namwomba ruhusa. Siuzi, wala sirudishi chochote mtandaoni. Hata hivyo, sikubali kwamba kauli ya kiongozi aliyoitoa hadharani, akiwa kwenye jukwaa lililolipiwa na kodi yetu, igeuke kuwa mali ambayo mwananchi anaruhusiwa kuitazama tu pale kampuni inapopenda.

Pingamizi la pili ni langu mwenyewe. Diski hufa kama binadamu, na hata nikitunza nakala ya pili kwa ndugu yangu mkoani, maktaba ya mtu mmoja ni kitu dhaifu. Januari 2016 Serikali ilitangaza bungeni kupunguza matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa, kwa hoja ya gharama. Tulibishana sana juu ya haki ya kutazama. Hatukuuliza kwa sauti hiyohiyo juu ya haki ya kurudia kutazama miaka 20 baadaye. Tunayo sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, na tunayo idara yenye dhamana hiyo. Ndugu mtumishi wa umma, wizara yako inapopandisha video ya waziri kwenye chaneli yake, faili la asili linabaki wapi? Kwenye simu ya ofisa habari? Naye akihamishwa?

Kwa wanafunzi, rai yangu ni ndogo: kila video unayoinukuu, hifadhi nakala siku hiyohiyo, na uandike tarehe, mahali, msemaji na kiungo chake. Kwa wanaharakati, fanyeni vivyo hivyo na kila kilicho ushahidi, kisha msitunze nakala zote mahali pamoja. Kwa watumishi wa umma, lile swali la faili la asili lipelekeni kwenye kikao chenu kijacho, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Naomba kuwasilisha.