Msirudi Dar kabla ya Kisiwani!

Likizo ikibakiza siku mbili, washikaji huanza kuhesabu nauli. Sisi tulikuwa watano Kilwa Masoko, mifuko imekauka, wawili wanataka kurudi Dar. Nikawaambia: pweza tumekula, baharini tumeogelea, Kisiwani je? Tukachanga, tukalipia kibali, tukapanda mashua.

Ndani ya Msikiti Mkuu kelele zote kwisha! Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akausifu. Wareno wakauteka na kuupora mwaka 1505. Mwenzetu akatia kipande cha kigae mfukoni. Mzee anayetembeza wageni akamwambia taratibu: "Mwanangu, kila mgeni akibeba kimoja, wajukuu zako watakuja kuona nini?" Akakirudisha.

Usiku tulikunywa chai kavu tukalala, lakini hakuna aliyejuta. Nawe ukienda, Kisiwani usikiweke kiporo.