Ujira wa Dalali

Katika kazi za mjini ni chache zinazosemwa vibaya kama udalali, na ni chache zinazohitajiwa kama huo. Mwenye nyumba humlaumu dalali asubuhi na kumtafuta jioni. Mnunuzi humwita mlafi, kisha humwomba amwonyeshe nyumba ya pili. Neno lenyewe halina kosa: limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mtu aonyeshaye njia. Aonyeshaye njia anastahili kulipwa. Ugomvi umo katika kiasi cha malipo, katika wakati wa kutaja kiasi hicho, na zaidi katika jambo ambalo wauzaji wengi hawaliulizi: ujira ule humvuta dalali upande wa nani?

Dar es Salaam, katika Magomeni, palikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, aliyoijenga baba wa watoto watano. Mama yao alitangulia. Baba naye alipofariki, mahakama ilimthibitisha mtoto wa kwanza, mwalimu mstaafu, kuwa msimamizi wa mirathi. Ndugu waliafikiana nyumba iuzwe. Wanaume walikuwa wawili na wanawake watatu, na kwa sheria ya Kiislamu kila mwanamume alikuwa na mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Jumla mafungu saba. Shilingi yoyote ya dalali ilikuwa imetoka katika mafungu hayo.

Dalali wa kwanza alikuwa kijana mwenye adabu. Alibisha hodi, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akakataa chai. Alisema hataki hata senti moja ya mwenye nyumba.

"Niambie tu bei unayotaka kuishika mkononi, mwalimu. Mimi nitajitafutia cha juu."

Mwalimu alipendezwa. Alidhani amepata mtumishi asiye na mshahara. Mdogo wake wa mwisho, mwanamke aliyeuza kanga Kariakoo kwa miaka mingi, alingoja mgeni atoke ndipo aseme.

"Kaka, hapo umelambishwa sukari. Ukimtajia milioni 130, naye akamtajia mnunuzi 160, hizo 30 ni za nani? Ni za mirathi. Na mnunuzi akiona 160 ni nyingi atakwenda zake, nasi hatutajua kamwe kuwa alikuwa na 145 tayari."

Maneno yake yana uzito kuliko yanavyoonekana. Ujira wa asilimia, hata ukiwa mkubwa, una jina na waweza kubishaniwa. Cha juu hakina jina. Hukaa baina ya watu wawili ambao dalali hujitahidi wasikutane, na maadam hawakutani, hakuna wa kukipunguza. Muuzaji husifu kuwa hakulipa kitu, na mnunuzi husifu kuwa amepata kwa bei ya mwenyewe.

Dalali wa pili alikuwa mtu wa makamo, mkazi wa mtaa uleule, naye hakuficha. Alitaka asilimia 10. Yule mwanamke alimpa 3. Wakatazamana kama watu wanaojua soko.

Haki inataka dalali naye asikilizwe. Watu humwona siku ya kupokea tu. Hawamwoni akipanda daladala mchana wa jua pamoja na mteja ambaye hana fedha ila ana hamu ya kutazama nyumba za watu. Aghalabu mteja huletwa na dalali mwingine, na ujira hugawanywa mara mbili, pengine mara tatu. Nyumba isipouzwa, miguu yake hailipwi na mtu. Anayetaka kumlipa kama mchukuzi wa mzigo hajapata kuifanya kazi hiyo. Bwana yule aliyasema hayo kwa kirefu, na muuza kanga hakumkatiza, kwa kuwa mengi yalikuwa kweli. Alipomaliza, aliomba kalamu.

Tuseme, alisema, ujira ni asilimia 5. Nyumba ikiuzwa milioni 130, dalali hupata 6,500,000. Ikiuzwa 140, hupata 7,000,000. Milioni kumi zile za juu huwapa wenye nyumba 9,500,000, na dalali 500,000. Na kwa nusu milioni hiyo huenda akatembeza watu mwezi mzima zaidi. Nani katika nafasi yake asingesema, "Chukueni hizi, soko ni baya"?

Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Dada yangu, wewe ungekuwa dalali."

Hesabu hiyo haikuzaliwa Magomeni. Mwaka 2008 wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha uchunguzi wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 za upande wa Chicago. Walilinganisha nyumba walizouza madalali kwa niaba ya wateja na nyumba walizouza madalali wenyewe, mali yao. Nyumba za madalali zilikaa sokoni siku 9.5 zaidi, na bei yake ilizidi kwa asilimia 3.7. Dalali alijua faida ya kusubiri. Aliisubiri ilipokuwa yake.

Marekani hiyohiyo ilikuwa na desturi ya muuzaji kutoa asilimia 5 au 6, na dalali wake kumgawia dalali wa mnunuzi. Watu waliizoea hata wakaidhani sheria. Tarehe 31 Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City, Missouri, liliona kuwa chama cha madalali wa nchi, National Association of Realtors, na makampuni kadhaa walikuwa wamekula njama kuushikilia ujira huo juu. Machi 2024 chama kilikubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti 17 mwaka huo dalali wa chama hicho hana ruhusa ya kumtembeza mnunuzi ndani ya nyumba kabla ya wawili hao kutia sahihi karatasi inayotaja ujira wake. Nchi tajiri yenye mawakili tele ilihitaji kesi ya miaka ili kufika alipofika muuza kanga kwa kalamu ya kuazima: kutaja kabla ya mlango kufunguliwa. Maana mlango ukiisha kufunguliwa na mnunuzi akaipenda nyumba, mapatano huingiwa na haya na haraka, na kila anayetaka kupunguza huonekana mdhulumu.

Walipatana hivi. Hadi milioni 140, dalali atapata asilimia 4. Katika kila shilingi ipitayo hapo, atapata sehemu moja katika tano. Hatachukua kitu kwa mnunuzi, na bei itatajwa kwa kinywa cha mnunuzi mwenyewe mbele ya ndugu. Atalipwa siku ya fedha ya mwisho, arubuni haihesabiwi. Waliandika, wakatia sahihi, na mashahidi wawili wakatia zao. Mwalimu aliona aibu kidogo kumwandikisha jirani. Jirani hakuona aibu yoyote. Aliomba nakala yake.

Mnunuzi wa kwanza alifika 138. Kaka wa pili, aliyekuwa na deni, alitaka zichukuliwe siku ileile. Aliyesema "Tusubiri" alikuwa dalali. Baada ya wiki tano alipatikana mwingine, akabishana sana, akatua kwenye 147. Dalali alipata 5,600,000 za mwanzo na 1,400,000 za ziada, yaani milioni 7, akampa mwenzake aliyemleta mnunuzi sehemu yake. Zilibaki milioni 140 kabla ya kodi na gharama nyingine. Milioni 20 kwa kila fungu. Wangalipokea zile 138 kwa ujira wa asilimia 5, zingalibaki 131,100,000.

Miezi michache baadaye muuza kanga alikwenda Chanika kutafuta kiwanja kwa fungu lake. Kijana mmoja alimpokea kituoni kwa heshima nyingi, akamwita mama, akamwonyesha bajaji iliyokwisha kuwashwa. Yeye hakupanda. Alisimama chini ya mwembe, akaweka mkoba wake begani vizuri, akauliza:

"Ujira wako kiasi gani, mwanangu, na nani mwingine anakulipa?"