Mwanao Anachora Wadudu: Usikimbilie Kuchoma Daftari



Ndugu yangu mzazi, jiulize. Umefungua begi la mwanao, ukakuta daftari zima limejaa panzi, mende na kumbikumbi, wote wamepakwa rangi. Utafanyaje? Mama mmoja wa hapa Gerezani ameniletea swali hilo. Mumewe anataka daftari lichomwe moto, mtoto analia, na yeye yupo katikati.

Tuanze na hukumu. Baba huyo hakuzua. Makemeo kwa wachoraji yamo katika hadithi sahihi, kwa Bukhari na Muslim, na wanazuoni wengi wamekataza kuchora chenye roho. Wapo pia, hasa katika madhehebu ya Maliki, walioona kuwa mchoro usio na kivuli ni makuruhu, si haramu. Sasa mtazame Ibn Abbas, Allah amridhie. Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora. Alimweleza katazo, kisha akamwelekeza achore miti na visivyo na roho. Alifunga mlango mmoja, akafungua mwingine.

Sisi wengi tunajua kufunga tu.

Mfungulie mwanao. Achore sega la nyuki, kila chumba pembe sita. Achore bawa la kerengende peke yake, na mishipa yake yote. Achore kichuguu, utando wa buibui, jani lililoliwa na viwavi. Hapo ametoka kwenye khilafu na mkono wake bado unafanya kazi.

Utauliza, "Sheikh, kwa nini asiache tu?" Kwa sababu anayechora analazimika kutazama, na kutazama viumbe kwa mazingatio ni ibada. Qur'ani ina Suratun Nahl, sura ya nyuki, na Suratun Naml, sura ya sisimizi. Aya ya 26 ya Al-Baqara imemtaja mbu. Tunazisoma, lakini nani kati yetu amewahi kumtazama mbu kabla ya kumpiga kofi? Mtoto mchoraji anajua kuwa mdudu ana miguu sita na buibui ana minane. Anajua kuwa mbu wa dengi ana mistari myeupe miguuni na huuma mchana, na kwamba wa malaria huuma usiku, na akitua huinua mkia juu. Elimu hiyo inalinda nyumba.

Wala usiseme mjini hakuna cha kutazama. Gerezani ni gereji na maduka ya vipuri, lakini mvua ikinyesha, kumbikumbi hujaa kwenye taa zetu. Wala usiseme vifaa ni ghali. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza katika jiji hili hili kwa vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli.

Masharti ni haya: asimtese mdudu ili amchore, mchoro usitundikwe mbele ya anayeswali, na adhana ikilia penseli iwekwe chini.

Na lile daftari je? Ukifuata kauli ya wengi, una dalili yako. Lakini keti na mtoto, mweleze kwa upole, mnunulie daftari jipya kwanza. Akiona dini imemnyang'anya bila kumpa kitu, ataficha daftari leo, na kesho ataificha swala.

Allah atupe hekima katika malezi. Wallahu a'lam.