Meno Manane

Ndugu msomaji, mchezo ni neno linaloonewa sana mjini hapa. Mtu akitaka kukuvunja moyo hakwambii kwamba hujui, anakwambia unacheza. Ukiandika hadithi, unacheza. Ukifungua redio mbovu kutazama tumbo lake, unacheza. Na kama wewe ni msichana, umemaliza kidato cha nne, kazi huna, mchumba anayejulikana huna, halafu umekaa barazani na daftari, basi mchezo wako hauna hata jina. Mimi nimeambiwa hivyo miaka mitatu mfululizo, na ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya magari ya kuchezea watoto, yale yenye mota. Usicheke. Twende taratibu.

Mwaka 1833, katika jimbo la Vermont huko Marekani, alikuwepo mhunzi mmoja aitwaye Thomas Davenport. Mhunzi kwelikweli, wa nyundo na moto, shule aliyoipata ndogo tu. Akasikia kwamba ng'ambo ya ziwa, mahali paitwapo Crown Point, kuna watu wanachambua mawe ya chuma kwa kutumia sumaku ya umeme. Akafunga safari kwenda kuiona. Alichokikuta ni kipande cha chuma kilichoviringishiwa waya. Ukiunga waya ule kwenye betri, chuma kinakuwa sumaku yenye nguvu za ajabu. Ukiutoa, kinarudi kuwa chuma tu, hakishiki hata msumari.

Jamaa akachanganyikiwa. Akataka ainunue, fedha hana. Inasimuliwa kwamba ilibidi farasi wa nduguye abadilishwe kwa farasi hafifu ili ipatikane tofauti ya kulipia sumaku. Alipofika nayo nyumbani, badala ya kuiweka mezani wageni waistaajabie, akaanza kuifumua. Mkewe, Emily, akakaa kando na kalamu, akaandika jinsi kila mzunguko wa waya ulivyopita. Walipotaka kutengeneza sumaku zao wenyewe, kikahitajika kitu cha kutenga waya na waya ili umeme usikatishe njia. Inasimuliwa kwamba Emily alichana hariri ya gauni lake la harusi, ndiyo wakaviringishia waya.

Mwaka 1834 mota yao ikazunguka. Haukupita muda mrefu wakawa na kigari kidogo kilichokimbia juu ya reli ya duara, kikienda na kurudi palepale kilipotoka. Tarehe 25 Februari 1837 serikali ya Marekani ikampa Davenport hataza namba 132, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Utajiri lakini haukuja. Betri za siku zile zilikula zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mashine za mvuke. Akafariki mwaka 1851, mfuko mtupu.

Sasa tazama. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mmoja wa mababu zake ni kigari kile cha duara, ambacho mtu mzima yeyote wa mwaka 1835 angekitazama na kusema: huyu mhunzi anacheza, na mke wake kamfuata.

Habari za Davenport nilizisoma maktaba, nikazinakili katika daftari, nikazilaza humo pamoja na sura tatu za riwaya yangu. Zililala mpaka mwaka jana, siku ya tano baada ya Idd.

Nikueleze kwanza habari za nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu alirudi na sanduku la spana na baiskeli, mimi nikiwa sijazaliwa. Tangu hapo anatengeneza cherehani za watu barazani kwetu, Magomeni. Nilipomaliza shule akanitafutia nafasi katika chuo cha ufundi, nikasomee umeme wa majumbani. Nikamjibu kwamba mimi nataka kuandika. Hakufoka. Alinitazama tu, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu siku ile tukawa watu wa salamu. Shikamoo baba. Marahaba. Basi, mpaka kesho yake. Msomaji, kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu mnayepeana salamu tu, usiombe.

Basi mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, alinunuliwa Kariakoo gari la polisi la kutumia betri, lenye taa na king'ora. Siku nne za mwanzo mtaa mzima haukulala. Siku ya tano akaniletea, machozi yanamlengalenga.

"Mama mdogo, gari limekufa."

Nikaazima bisibisi ndogo kutoka sanduku la baba, nikakaa chini, nikafungua. Baba alikuwa anatia mafuta cherehani ya jirani. Sikumwita. Nilipowasha swichi, mota ikalia ziiii, lakini magurudumu kimya. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Inalia?"

"Inalia, baba."

"Basi haijafa. Tafuta mahali nguvu inapopotelea."

Akavuta kigoda, akaketi. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa muda mrefu.

Tukaanza kuifuata nguvu kama mtu anayefuata nyayo. Inatoka kwenye betri, inapita kwenye swichi, inaingia kwenye mota. Mota tuliitoa, na ilikuwa imekwisha legea kifuniko, baba akaifungua kabisa ili nione. Ndani ya kopo lile dogo kuna vipande viwili vya sumaku vilivyobana ukutani. Katikati kuna kichuma chenye mikono mitatu, kila mkono umeviringishiwa waya mwembamba wa shaba. Umeme ukipita katika waya, mkono unakuwa sumaku, unavutwa na sumaku ya ukutani. Ukiachwa hivyo ungefika pale na kuganda. Lakini kwenye shafti kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, na juu yake vinasugua vibamba viwili vinavyoleta umeme. Kila mkono unapokaribia kufika unakovutwa, pete inakuwa imezunguka, umeme unageuzwa, na ule uliokuwa unavutwa unaanza kusukumwa. Kwa hiyo hauishi kukimbia.

"Kwa nini mitatu?" nikauliza. "Kwa nini isiwe miwili?"

"Ikiwa miwili, kuna mahali ikisimama haitaanza tena mpaka uisukume kwa kidole. Mitatu haina mahali pa kufia."

Mota nzima. Tukaingia kwenye gia. Gia ya kwanza, ile ndogo iliyoshindiliwa kwenye shafti ya mota, ilikuwa imepasuka. Shafti inazunguka ndani yake, yenyewe imekaa. Hapo ndipo nguvu ilipokuwa inapotelea, kwenye ufa usiozidi unene wa unywele.

"Hesabu meno," akasema baba.

Meno manane. Inasukuma gia yenye meno 32. Juu ya hiyo, kwenye ekseli ileile, kuna nyingine ndogo ya meno manane, nayo inasukuma gia ya meno 40 iliyopo kwenye ekseli ya magurudumu. Nikapiga hesabu kwa kidole sakafuni. Hatua ya kwanza mota inazunguka mara 4 ili gia ile izunguke mara 1. Hatua ya pili mara 5. Nne mara tano, ishirini. Vimota kama hivi, hata kwa betri moja ya volti 1.5, vinaweza kuzunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Gawanya kwa 20, gurudumu linapata mara 300, yaani mara 5 kwa sekunde. Kwa gurudumu la upana wa sentimita 3, kigari kinakwenda karibu nusu mita kila sekunde. Mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, lakini sasa kinapanda hata mkeka.

"Mota ina haraka, nguvu haina," baba akanieleza. "Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu itanguruma tu, na baadaye itaungua. Gia inaipunguzia haraka, inaiongezea nguvu. Hata kule kufumani ilikuwa hivyo hivyo."

Mtoto akatumwa kwa wenzake kuomba magari mabovu. Akarudi na mfuko wa rambo umejaa makaburi. Ndugu msomaji, usiwaone watengeneza midoli kuwa wajinga. Tulifungua gari la kusukuma, lile unaliburuza sakafuni likalia vuuu halafu unaliachia. Ndani hakuna betri wala springi, kuna flaiwili tu, kipande kizito cha chuma. Magurudumu yakisukumwa, gia zinaizungusha flaiwili kwa kasi kubwa zaidi, nayo kwa uzito wake inaitunza ile kasi na kuirudisha ukiliachia. Tukafungua lile la kuvuta nyuma. Hilo lina springi iliyojikunja kama ile ya saa, na gia moja imewekwa katika tundu refu kidogo ili iweze kuhama. Ukivuta nyuma inakaa upande huu, springi inajikaza. Ukiliachia inahamia upande wa pili, na mvuto wa shibiri moja unakuwa mwendo wa chumba kizima. Springi ikiisha, gia inajitoa yenyewe ili isiwe breki.

Na lile la polisi lenyewe lilikuwa na siri. Kwa juu utaona magurudumu manne ya kawaida, lakini hayo ni ya kuzuga. Yanayoendesha yako chini ya tumbo, kwenye kisahani kinachoweza kuzunguka. Gari likigonga ukuta na kushindwa kwenda mbele, kisahani kinageuka mpaka magurudumu yake yaelekee upande ulio wazi, nalo linaondoka. Hakuna ubongo wowote mle ndani. Ni kisahani na meno ya gia, lakini mtoto anaapa kwamba gari lake lina macho.

Gia ya meno manane ya saizi ileile tuliipata katika gari la tatu. Baba akaigonga polepole kwenye shafti, akaniachia mimi nifunge. Nilipowasha, lile gari likaondoka na king'ora chake, likagonga mguu wa cherehani, likageuka, likatokomea uani, mtoto nyuma yake anapiga kelele.

Tukabaki wawili. Ili kimya kisirudi, nikamhadithia habari za Davenport. Nikamweleza farasi, sumaku, gauni la harusi. Nikamwambia pia kwamba huko New York, karibu na mwaka 1900, Joshua Lionel Cowen alitia mota ya feni kwenye kibehewa, kiwe pambo la dirisha la duka kuvuta wateja, na wateja wakaacha bidhaa dukani wakataka kununua kibehewa. Ndivyo ilivyoanza kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel. Na kwamba Japani, mwaka 1954, Kenichi Mabuchi alianzisha kampuni ya kutengeneza vimota kwa ajili ya midoli, na leo mota za Mabuchi zinafungua vioo na kufunga milango ya magari makubwa ya watu wazima. Baba alisikiliza yote, mikono ina mafuta.

"Yule mwanamke," akauliza. "Jina lake limo kwenye hiyo hati ya 1837?"

"Halimo, baba. Ni la mumewe peke yake."

Akatikisa kichwa.

"Lakini bila yeye kuandika, wangeifumua wakashindwa kuifunga."

Alisema hivyo, akanyanyuka kwenda kunawa. Hakusema zaidi, wala sikutaka aseme zaidi. Mimi niliyekaa miaka mitatu nikitafuta hoja za kumjibu baba yangu, hoja nimepewa na yeye mwenyewe, tena bila kunitazama.

Usiku ule nikatoa madaftari. Sura ya tatu ya riwaya yangu ina kijana anayeondoka Tanga kuja Dar kumtafuta mama yake. Anasema sana, analia sana, anakumbuka sana, lakini ukurasa baada ya ukurasa yuko stendi ileile. Inalia, basi haijafa. Nikaanza kufuata nguvu kuanzia mstari wa kwanza, nikaikuta inapotelea katika barua aliyoandikiwa na shangazi, barua ambayo kijana anaisoma na haimlazimishi kufanya lolote. Nikaiandika upya barua. Sasa shangazi anadai nauli aliyomkopesha, na kijana inabidi atafute kibarua kabla jua halijazama. Stendi ameondoka. Haendi kwa kasi, lakini mkeka anaupanda.

Nawaambia haya ninyi mnaoandika vijiweni, vyumba vya kupanga na nyuma ya maduka ya watu. Wengi wetu mota tunazo, tena zinalia mpaka majirani wanasikia. Tunachotafuta ni meno manane.

Chuo kinaanza Januari. Fomu ya umeme wa majumbani nimeijaza kwa mkono wangu, kwa sababu mtu aliyeshika ile mota hawezi tena kupita chini ya nyaya za nguzo bila kutaka kujua. Siku hiyohiyo nilipopeleka fomu nilinunua daftari la tano. Baba aliliona mkononi. Akaniuliza, "Hilo la chuo au la hadithi?"

Nikamwambia la hadithi.

"Basi andika jina lako juu," akasema, "tena kwa wino."