Ungo wa Mjomba Haulipiwi!

Wenye ving'amuzi vya kulipia mnaijua kasheshe yake. Mpira uko dakika ya themanini, kifurushi kinaisha, kioo kinakuandikia lipia kwanza. Mtu wa mjini hana presha. Anahamia baa ya jirani, anaagiza soda moja na kuikumbatia hadi filimbi ya mwisho. Sasa wewe jaribu kukatiwa ukiwa kaskazini ya Gombe!

Huko ndiko aliko mjomba wangu. Unapanda boti Kibirizi, pale Kigoma, unakaa juu ya magunia ya unga, unaipita yote ile hifadhi ya sokwe wa Jane Goodall, ndipo unashuka suruali imelowa hadi magotini. Nyuma ya kijiji mlima umesimama kama ukuta, mbele ni ziwa. Nilipokuwa naenda, barabara hakuna. Mwalimu wa jiografia atasema hicho siyo kisiwa. Sawa, basi atoke huko bila boti tumwone.

Mawimbi ya milingoti ya televisheni kutoka mjini yaligonga mlima yakaishia hapo. Kilichofika ni ungo. Siyo hivi vidishi vya siku hizi vya kubandika ukutani, nazungumzia dude la futi 8, la wavu, ambalo mjomba alilinunua kwa mtu Ujiji likiwa limeshatumika, akalipakia kwenye boti. Bibi mmoja aliuliza kama wachawi siku hizi wanasafiri mchana.

Kulitega kulichukua siku mbili. Setilaiti zilizokuwa zinabeba stesheni za kwetu zilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, karibu kilomita 36,000 angani, usawa wa ikweta. Zinakwenda sambamba na dunia inavyozunguka, ndiyo maana ukizipata leo kesho utazikuta palepale. Kwa hiyo ungo ulitakiwa utazame mashariki, na mashariki ndiko uliko mlima. Mjomba akaufunga karibu kabisa na mwalo, ili upate nafasi ya kuchungulia juu ya kilele. Mmoja anasukuma, mwingine yuko ndani kwenye kioo anapiga kelele: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Umeme ulikuwa wa paneli ya sola na betri ya lori. Baada ya hapo, hakuna kulipa mtu. Chaneli za bure.

Bure kwa mjomba, lakini. Sisi wengine tulitoa shilingi mia mlangoni, maana lile lilikuwa banda umiza kama mabanda mengine: mabenchi ya mbao, joto, na jamaa mrefu anayekaa mbele makusudi.

Biashara ilifuata mwezi. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa gizani, kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wanalala nyumbani na banda linafurika. Kukiwa na giza, wanabaki akina mama na sisi wageni. Ila hata siku za giza wanaume walikuwa wanapita jioni kabla ya kusukuma mitumbwi. Wanasimama mlangoni, hawalipi, na mjomba hawadai. Wanasubiri utabiri wa hali ya hewa. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini unaligeuza lile ziwa kuwa kitu kingine kabisa, na mvuvi anataka kujua mapema.

Sasa njoo Agosti 2018. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nazubaa tu, nikawa huko. Wenye nazo pale kijijini walikuwa wameshaingia kwenye vidishi vidogo vya kulipia, na binamu zangu walikuwa wanaucheka ungo wa baba yao kuwa chujio la mawese. Mara TCRA ikashikilia kwamba leseni za ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti haziruhusu kubeba stesheni za bure. ITV, Channel Ten na wenzao wakaondolewa humo. Mtu analipa, anapata sinema za Kihindi na mpira wa Ulaya, lakini taarifa ya habari ya nchi yake hana! Mjini ungeweza kununua king'amuzi cha antena. Kule antena ingenasa nini zaidi ya kunguru?

Jioni ile mlango wa mjomba haukupitika. Mwenye duka, ambaye ndiye alikuwa na kidishi kipya kuliko vyote, alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Karibu, shemeji," mjomba akamwambia. "Mia moja."

Baadaye stesheni zile zilirudishwa kwenye ving'amuzi, na vidishi vidogo vikaongezeka. Ungo haukung'olewa. Masika mvua kubwa ikipiga, vidishi vile vinapoteza picha, wakati dude la mjomba linaendelea kama hakuna kitu, maana masafa yake hayasumbuliwi sana na mvua.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Mbalamwezi au giza, watu wote wakawa nchi kavu, na mfukoni hamna kitu. Nikampigia simu mjomba kumpa pole ya biashara.

"Biashara gani?" akasema. "Mlango nimeung'oa. Wameshaingia wote, na wewe unanichelewesha habari."